Nimeusoma Aniara kwa sauti, mara mbili

Nakala ya kwanza ya Aniara, kitabu cha mashairi cha Kiswidi, niliyoishika haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja hapa Göteborg, Sweden, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake zamu za jioni: kumpa dawa, kumpashia chakula, kumtayarisha alale. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Siku aliposikia kwamba kabla ya kazi hii nilikuwa baharia, oila wa chumba cha injini kwa miaka kumi na mmoja, alinyoosha mkono kwenye rafu bila kupapasa, akatoa kitabu kilichokatika mgongo, akasema, "Basi wewe ndiye wa kunisomea hiki."

Kiswidi changu wakati ule kilikuwa cha kazini. Nilijua kuuliza mtu amelalaje, anaumwa wapi, anataka chai au kahawa. Ushairi sikuujaribu hata siku moja. Nikaanza wimbo wa kwanza kama mtu anayetembea juu ya matumbawe pekupeku. Mzee hakunisahihisha maneno. Alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa kidole, mapigo matano kila mstari, na nilipoyapoteza yale mapigo alisimama kugonga, akangoja nirudi nyuma. Jioni ya tatu au ya nne nikaona nasoma bila kusimamishwa, na nikamkumbuka mama yangu Chumbageni, Tanga, akighani tenzi usiku wa Ramadhani huku mguu wake ukipiga sakafu polepole. Tangu siku hiyo nimekichukua kitabu hiki kuwa ni utenzi, hata kama Waswidi wenyewe hawana neno hilo.

Mtunzi ni Harry Martinson, na kitabu kilitoka mwaka 1956. Kina nyimbo 103. Si utenzi kwa maana yetu ya mizani nane na kina kimoja kinachotembea hadi ubeti wa mwisho. Mizani hubadilika wimbo kwa wimbo, vina vingine vipo na vingine havipo, na kuna wimbo wa mistari michache na wimbo wa kurasa kadhaa. Lakini kinasimulia kisa kimoja kirefu, kinataka sauti, na kinamtaka msikilizaji akae. Anayekisoma kimya kwenye basi, kama nilivyojaribu mimi mwenyewe nilipopata nakala yangu, atapata nusu yake.

Kisa ni hiki. Dunia, ambayo mle ndani huitwa Doris, imeharibiwa kwa vita na sumu ya mionzi, na watu wanahamishwa kwa meli kubwa za angani kupelekwa Mirihi. Aniara ni mojawapo ya meli hizo, ina wahamiaji 8,000. Njiani inakata kona ghafla kukwepa asteroidi iitwayo Hondo, inaingia kwenye mvua ya vimondo, mitambo ya usukani inaharibika, na tangu hapo chombo kinashika njia moja tu, kuelekea kundinyota la Lyra, yaani Kinubi. Hakigeuki wala hakisimami. Chakula kipo, hewa ipo, taa zinawaka. Kilichokufa ni safari.

Hapa lazima nisimulie jambo langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini mtunzi huyu. Tulikuwa kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji, meli ya mizigo ya kampuni ambayo siitaji, na injini kuu ikazima usiku wa manane. Sisi tuliokuwa tumelala tuliamshwa na kimya. Chifu, yaani mhandisi mkuu, akashuka na tochi, akatazama, akapanda tena bila kusema neno, na sote tukajua. Tulielea siku nne. Siku ya kwanza watu walitania. Siku ya pili walianza kugombania vijiko na zamu ya kuoga. Siku ya tatu wenzetu wawili ambao sikuwahi kuwaona wakisali walitandika mkeka kwenye sitaha, na mwingine akaanza kutuambia ndoto zake kila asubuhi, na watu wakawa wanakuja kumsikiliza kwa makini, watu wazima, mafundi. Siku nne tu! Na tulijua kwamba tagi limeshatoka Durban linakuja kutuvuta.

Martinson anawapa watu wake miaka 24 ya hali hiyo, bila tagi. Na anajua mpangilio wake sawasawa. Kwanza ngoma na starehe. Halafu madhehebu mapya. Halafu mkubwa mmoja, Chefone, anayegeuka dhalimu na kuwatia watu ndani. Halafu uchovu ambao hata udhalimu hauwezi kuuchangamsha. Mwaka wa 11 wanaona mkuki ukipita angani, mkuki mtupu, umetoka wasikokujua unakwenda wasikokujua, unawapita. Basi. Mkuki wenyewe haufanyi zaidi ya hapo. Lakini chomboni wapo wanaopata wazimu kwa sababu yake, na yupo anayeanzisha dhehebu. Mtu aliyekaa nchi kavu maisha yake yote angeona ni kutia chumvi. Mimi nilimsikiliza yule mwenzetu na ndoto zake.

Kwetu tunasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aniara ni chombo kisicho na ngama. Watu wake wanakwenda tezi, wanakwenda omo, na hakuna pa kurejea pote pale, na mtunzi hakuwaonea haya wala hakuwacheka. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi kwake.

Sasa Mima. Mima ni mashine iliyomo katikati ya chombo, inayonasa picha na sauti kutoka pande zote za ulimwengu na kuwaonyesha wasafiri, nao wanakwenda kuitazama kama watu waendao kuhiji. Msimulizi wa utenzi ndiye mtumishi wake, anayeitunza. Jambo la ajabu, na limewekwa mapema kabisa, ni kwamba aliyeiunda aligundua nusu ya Mima haielezeki: nusu ile Mima ilijiunda yenyewe. Mtu aliandika hivyo miaka ya hamsini, wakati kompyuta zilikuwa zinajaza chumba kizima na kazi yao ni kujumlisha. Binti yangu, ambaye yuko sekondari na anasoma mambo ya programu, aliposikia mistari ile alitoka chumbani kwake akasimama mlangoni. "Baba, hicho kitabu ni cha mwaka gani?"

Mima inakufa. Haiharibiki kwa kutu wala kwa kukosa umeme. Inanasa picha ya mji wa Dorisburg ukiteketezwa na silaha iitwayo fototurb, inaona mawe yakilia, na inakufa kwa huzuni. Kabla ya hapo kuna wimbo, wa 26, ambamo wafu wa mji ule wanasema kupitia Mima. Mmoja ni kiziwi. Anaeleza sauti mbaya kuliko zote alizowahi kusikia, nayo ni sauti ambayo haisikiki. Nilipoufikia wimbo huo mara ya kwanza sikuuelewa, nikaupita. Mara ya pili mzee alinizuia asubuhi na mapema (nilikuwa nimebadilishana zamu), akataka nirudie mistari ya kiziwi taratibu, na safari hii niliielewa yote, na chai ikapoa.

Aliyesoma Al-Inkishafi atafika hapa na akiba tayari. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutazama mji wa Pate ulioanguka, nyumba za fahari zilizokaliwa na popo na bundi, madaka yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, akauliza wako wapi waliokaa humo. Martinson anauliza swali hilohilo juu ya sayari nzima. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdalla anajua wanakokwenda wafu na anauonya moyo wake ujiandae. Martinson hana hakika hiyo, na unamsikia akiitafuta. Anazungumza na Mungu katika nyimbo kadhaa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa zake zimezimwa. Mimi ni Mwislamu na sikubaliani na mahali anapofika. Lakini kubisha kwake ni kwa kweli, na nimesoma mashairi ya dini yenye kubisha hafifu kuliko huko.

Wimbo wa 13 ndio ninaowasomea watu wote wanaoniuliza kuhusu kitabu hiki. Ni mwaka wa sita wa safari. Mkuu wa wanajimu wa chombo anawakusanya wahamiaji awaeleze walipo, na mkononi ameshika bakuli zuri la kioo. Anawaambia kwamba ndani ya kioo chochote kilichoachwa bila kuguswa kwa muda wa kutosha, kiputo cha hewa kilichonaswa humo husogea polepole mno, na baada ya miaka elfu kitakuwa kimesafiri mahali. Aniara ni kiputo hicho. Kasi yao ambayo duniani ingemtia mtu kizunguzungu, ikipimwa kwa ukubwa wa anga, ni kule kusogea kwa kiputo ndani ya bakuli lililotulia.

Niliutia wimbo ule kwenye Kiswahili, kwa maneno yangu, nikamtumia dada yangu Tanga kwa sauti kwenye simu. Alisikiliza, akakaa siku mbili, kisha akaniletea sauti yake: "Kaka, nimekwenda kabatini nimetoa lile bakuli la marehemu mama. Lina viputo vitatu. Sikuwahi kuviona." Nimesoma makala nyingi za magazeti zinazojaribu kueleza ukubwa wa anga kwa kurundika masifuri. Hakuna hata moja iliyomfanya mtu afungue kabati.

Usiku mmoja nilipiga hesabu, kwa sababu wimbo wa 103 unasema chombo kiliendelea kuelekea Lyra kwa miaka 15,000, kikiwa kama jumba la makumbusho lililojaa mifupa, vitu, na mimea iliyokauka ya Doris. Nyota inayong'aa kuliko zote katika Lyra ni Vega, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 25. Voyager 1, chombo cha angani kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa Vega ungekichukua zaidi ya miaka 400,000. Ili kuumaliza kwa miaka 15,000 Aniara ingebidi ikimbie kama kilomita 500 kila sekunde. Basi Martinson alikipa chombo chake mwendo mkubwa mno, na bado kikawa kiputo. Na kumbukeni alipokichapisha kitabu hicho hakukuwa na kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kinachoizunguka dunia. Sputnik ilirushwa mwaka uliofuata, Oktoba 1957.

Elimu hiyo hakuipata chuoni. Alizaliwa mwaka 1904 Jämshög, kusini mwa Sweden. Baba akafa, mama akahamia Marekani akawaacha watoto, na Harry akawa mtoto wa parokia, wa kuhamishwa kutoka shamba hadi shamba kwa watu waliolipwa kumlea. Akatorokea baharini akiwa kijana. Alifanya kazi ya kuchochea makaa kwenye matanuri ya meli, na mapafu yaliyougua yakamrudisha nchi kavu mwaka 1927. Nikisoma kwamba wahamiaji 8,000 wamewaacha nyuma waliowazaa, naona yule mtoto kizingitini mwa nyumba ya mtu mwingine. Agosti 1953 aliiona galaksi ya Andromeda kwenye darubini yake, mwezi uleule ambao Umoja wa Kisovyeti ulijaribu bomu la haidrojeni, na mwaka huohuo nyimbo 29 za kwanza zikachapishwa ndani ya kitabu chake kingine. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Eyvind Johnson, na waliompa walisema maandishi yake yananasa tone la umande na kuakisi ulimwengu. Wote wawili walikuwa wajumbe wa Akademia ileile inayotoa tuzo. Lawama zilizofuata zilimuumiza sana, na mwaka 1978 akafa kwa mkono wake mwenyewe, hospitalini Stockholm. Mzee wangu alipofika kwenye habari hiyo alikuwa akigeuza uso upande wa dirisha.

Ninyi mliosoma Kusadikika shuleni mnajua kwamba Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga, aliijenga nchi nzima angani, na kitabu kikatoka mwaka 1951. Washairi wawili waliopishana miaka mitano kuzaliwa, mmoja huku kwenye theluji na mwingine kule kwenye minazi, wote wakapanda juu ili waione dunia vizuri. Ningetamani mwalimu mmoja avisomeshe vitabu hivi viwili kwa pamoja.

Kasoro zipo. Baada ya Mima kufa, kuanzia kama wimbo wa 30 na kuendelea, utenzi unapoteza mwendo kwa muda mrefu. Nyimbo za madhehebu ya anasa, na wale wanawake makuhani wanaocheza, zimezeeka vibaya. Wanaelezwa miili, hawapewi neno la maana. Halafu Isagel, rubani na mwanahesabu, mtu mwenye akili kuliko wote chomboni, anapewa nyimbo chache kuliko anazostahili na kisha anaondolewa. Nilikasirika mara zote mbili. Tena mtunzi anabuni maneno bila huruma. Aina ya chombo inaitwa goldonda, ngoma inaitwa yurg, na sayansi yake ina majina ambayo binti yangu aliyatafuta kwenye kamusi ya Kiswidi akanirudishia simu: "Baba, hayapo." Mengine unayaelewa kwa sauti yake. Mengine unayaacha yapite kama upepo, na hupotezi kitu.

Katikati ya ukame huo, hata hivyo, uko wimbo wa 40, ambamo baharia wa angani anasimulia habari za Nobby, mwanamke aliyejitolea kuwahudumia wanaoteseka mpaka akachakaa. Ni simulizi ya kawaida, ya lugha ya kawaida, kama mambo tunayopigiana sitahani usiku tukingoja zamu. Wanaokisifu kitabu hiki mara nyingi huutaja wimbo wa kiputo na kifo cha Mima, na wana haki, lakini wimbo huu wa Nobby ndio ulionifanya nione kwamba aliyeandika alikula na mabaharia sahani moja.

Kuhusu kununua. Anayesoma Kiswidi achukue cha Kiswidi, hata kama Kiswidi chake ni cha kazini kama changu, na atafute mtu wa kumgongea mapigo. Kwa Kiingereza nimesoma tafsiri mbili. Ile ya mwaka 1963, ya Hugh MacDiarmid na Elspeth Harley Schubert, inajipa uhuru mwingi, na mimi haikunishika. Ile ya Stephen Klass na Leif Sjöberg, iliyosahihishwa na kutolewa tena mwaka 1999, inahifadhi mizani na vina pale vilipo, na ukiisoma kwa sauti inakwenda. Nakala iliyotumika ya hiyo ya pili ilinichukua miezi mitatu kuipata, nikalipa krona 180 pamoja na posta, na jalada lilikuwa na doa la kahawa ambalo muuzaji hakulitaja. Ningelipa mara mbili. Usianze na filamu ya mwaka 2018. Ni nzuri, lakini ukiiona kwanza utaingia kitabuni ukitafuta nyuso za waigizaji. Opera yake, ya Karl-Birger Blomdahl, ya mwaka 1959, sijapata nafasi ya kuiona jukwaani. Nimeisikiliza tu, na pale Mima inaposema kwa sauti za kanda za kielektroniki nilizima taa.

Ukiogopa nyimbo 103, soma wa 1, wa 13, kisha wa 26 hadi wa 29, kisha wa 40, kisha mbili za mwisho. Jioni mbili zinatosha. Ukifika hapo utarudi mwenyewe kuchukua zilizobaki.

Mzee alifariki Februari, tukiwa tumeumaliza mara ya pili na kuanza tena, tuko wimbo wa 8. Binti yake alinipigia simu nikachukue kitabu. Ndani, pembeni mwa wimbo wa 13, kuna mstari wa penseli uliofifia, wa wakati macho yake yanaona. Pembeni mwa wimbo wa 40 kuna mistari miwili. Hicho hakiuzwi wala sikiazimi. Lakini ukiwa Göteborg siku ya Jumapili, njoo nyumbani, nitakusomea.